Barua ya wazi: Mvua mnaipima, vyura hamuwahesabu

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam,
Wakurugenzi wa Jiji na manispaa zake,
Wenye dhamana ya mazingira na hali ya hewa,
Wahandisi wa Mradi wa Bonde la Msimbazi.

YAH: KUHESABU VYURA

Waheshimiwa,

Najua mmesoma kichwa cha barua hii mkacheka. Hamko peke yenu. Mume wangu aliponiona naandika aliuliza kama hatimaye nimehamia Yanga, maana katika jiji hili ukitaja vyura mtu hukumbuka kwanza watani wetu wa Jangwani, waliobandikwa jina hilo kwa sababu ya maji yanayoizingira klabu yao mvua zikizidi. Wengine hukumbuka mambo ya kwenye vigodoro, ambayo mwalimu mstaafu hapaswi kuyafafanua. Mimi namzungumzia chura mwenyewe, yule anayelia usiku mvua ikinyesha, na ambaye sijawahi kuona daftari lake katika ofisi yoyote ya jiji hili.

Nimefundisha baiolojia sekondari kwa miaka thelathini na kidogo. Tulihamia Kinyerezi mwaka 2003, barabara ikiwa mchanga mtupu, na usiku ulikuwa na sauti mbili tu: jenereta la jirani mwenye uwezo, na vyura. Nyumba yetu iko juu kidogo ya bonde la Msimbazi, ule mto unaoanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, ukapita kwetu, ukapita Tabata na Vingunguti, ukatanuka Jangwani na kuingia baharini pale daraja la Salenda. Mwaka 2008 mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliniuliza swali: "Mwalimu, kiangazi vyura wanakwenda wapi?" Nikamjibu kama kitabu kinavyojibu, kwamba wengine hujichimbia ardhini, wengine hujibana kwenye magome na nyufa, wanapunguza kila kitu mwilini na kungoja. Akauliza tena, "Wanajuaje kwamba mvua imekuja?" Hapo nikasema, tusikilize.

Yule kijana sasa ana watoto wake. Mimi bado nasikiliza. Tangu mwaka ule kalenda ya ukutani haitupwi nyumbani kwangu. Usiku wa kwanza wa vuli nikisikia vyura wanaitikiana bondeni, asubuhi naizungushia tarehe hiyo kalamu nyekundu. Wa masika nauzungushia ya bluu. Kalenda zenyewe ni za kugawiwa na maduka ya vifaa vya ujenzi, kwa hiyo kumbukumbu zangu za vyura zimekaa chini ya picha za mabati na masinki.

Kalenda hizo si sayansi, nalisema hilo mapema kabla mtaalamu wenu hajalisema. Kuna usiku nilisafiri. Kuna usiku nilipitiwa na usingizi. Na masikio yangu ya sasa si ya mwaka 2008. Lakini nikizipanga sakafuni moja baada ya nyingine, naona kitu. Zile za mwanzo, duara jekundu linaangukia mwishoni mwa Oktoba au ndani ya Novemba, kama vuli ilivyozoeleka. Baadaye duara linaanza kurukaruka. Vuli ya 2021 ilikuwa mbovu, ya 2022 ikafuata mkumbo, mto Ruvu ukashuka hadi jiji likaingia kwenye mgao wa maji. Katika kalenda hizo mbili duara limesogea hadi Desemba, na la 2021 nimeliwekea alama ya kuuliza pembeni, kwa sababu walilia usiku mmoja wakanyamaza. Mwaka 2023 ikaja vuli ya El Nino, mvua ikakataa kukoma, na mwanzoni mwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kikatupitia pwani. Kwa kipindi hicho chote hakuna duara. Nimeandika tu, "kila siku."

Sasa niwaeleze kwa nini tarehe hizi zina maana kuliko zinavyoonekana.

Chura hana gamba, manyoya wala magamba ya samaki. Ngozi yake hupitisha maji na hewa, akikauka anakufa. Mayai yake hayana ganda. Watoto wake, viluwiluwi, wanaishi majini kama samaki mpaka miguu iote na mkia upotee, na kwa wengi wa vyura wa madimbwi yetu kazi hiyo huchukua wiki kadhaa, mwezi, hata miwili na zaidi. Maana yake ni kwamba dimbwi lazima lidumu. Milimita mia moja za mvua zikimwagika siku mbili kisha jua likarudi, si sawa na milimita mia moja zilizosambaa wiki nne, ingawa kwenye jedwali la mwezi zitaandikwa kwa tarakimu ileile. Dimbwi la kwanza litajaa, vyura watalia, watataga, na wiki ya tatu viluwiluwi vitakuwa vimebaki kwenye tope vinapepesuka huku kunguru wanakula. La pili litatoa vyura.

Ndugu zangu wa hali ya hewa, ninawaheshimu sana, na kabla ya kila msimu nasikiliza mwelekeo mnaoutoa. Mvua ya mji huu imepimwa tangu enzi za Mjerumani. Lakini kipimamvua kinawaambia maji mangapi yameanguka. Hakiwaambii kama yalikaa ardhini kiasi cha kulea kitu. Chura anawaambia.

Kuna mmoja nampenda kuliko wote. Ni chura wa mtini, mwenye vidole vya kunata, ambaye mchana wa kiangazi hujikunyata juu ya tawi au ukutani kwenye jua kali, na jua likizidi hubadilika rangi kuwa mweupe kama chokaa ili mwanga umdunde. Hupoteza maji kidogo mno kwa chura, hata mkojo wake ameubana kama wa ndege. Msimu ukifika, jike na madume hukusanyika kwenye tawi lililoinamia maji, wakaanza kulipiga povu kwa miguu ya nyuma kama mpishi anavyopiga ute wa yai. Mayai hukaa ndani ya povu, nje linakauka kidogo, ndani linabaki bichi. Baada ya siku kadhaa sehemu ya chini inalainika na viluwiluwi vinadondoka majini, kimoja kimoja.

Jike anapochagua tawi lake, basi, anaweka dau kwamba siku hizo chache zikipita maji yatakuwa bado yapo chini. Mwaka ule wa 2021 niliona povu moja kwenye mwembe wa jirani. Chini yake palikuwa na udongo uliopasuka. Nilikimbia kuleta beseni, na mjukuu wangu akanicheka, lakini beseni nililiweka.

Vyura wa bondeni kwetu huwezi kuwahesabu kwa macho. Unawahesabu kwa masikio, maana kila spishi ina mlio wake na dume halikosei. Kuna wadogo wa kwenye matete, wa ukubwa wa ncha ya kidole gumba, ambao wakilia pamoja unadhani mtu anagonga vijiko vingi vya chai. Kuna mwenye mlio kama tone linalodondoka ndani ya mtungi, lulup, kisha kimya, kisha lulup kutoka upande mwingine. Kuna mkubwa mwenye ngozi ya vipele anayekaa chini ya taa kula kumbikumbi, ambaye sauti yake ni pikipiki inayokataa kuwaka. Mwanafunzi wa kawaida, nikimpa jioni tatu, anaweza kutofautisha saba au nane. Nimewafundisha wengi.

Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na ardhi ya chini iliyojaa maji kila masika na kukauka kabisa kila Septemba. Watoto walicheza mpira pale kiangazi. Mwaka 2017 yakaja malori ya kifusi. Yalimwaga wiki mbili, mchana na usiku. Nilikwenda kuuliza, nikaambiwa eneo lina mwenyewe na vibali vipo, na kwamba mwalimu apumzike. Sikuviona vibali. Masika iliyofuata maji yaliyokuwa yanakaa pale yalitafuta pa kwenda, yakaja sebuleni kwangu hadi usawa wa kiti. Sauti ya tone kwenye mtungi sijaisikia tena kutokea nyuma ya nyumba. Kwa hiyo mnapoona duara langu limesogea au limefifia, ni lazima mjiulize: ni mvua iliyobadilika, au ni kifusi? Mimi peke yangu, na kalenda za mabati, siwezi kuwatenganishia hayo mawili. Hapo ndipo kiini cha barua yangu.

Idadi ya vyura hupanda na kushuka hata pasipo na ubaya wowote. Mwaka mmoja dimbwi linatoa maelfu, miaka mitatu linatoa sifuri, wa tano linafurika tena. Ukienda mara moja ukakuta kimya, huna haki ya kusema wamekwisha. Ukienda mara moja ukakuta kelele, huna haki ya kusema wapo salama. Huko South Carolina, Marekani, kuna bwawa dogo la msimu liitwalo Rainbow Bay. Tangu mwaka 1978 watafiti wamelizungushia uzio mfupi, na kandokando ya uzio wamefukia ndoo. Kila chura au salamanda, jamaa wa chura mwenye mkia, anayekuja kuzaliana hutumbukia kwenye ndoo, anahesabiwa, kisha anaachiwa upande aliokuwa anakwenda. Mwaka 1991 walitoa matokeo ya miaka kumi na miwili ya mwanzo, wakauonya ulimwengu: idadi inayumba mno kwa sababu za kawaida tu za ukame na mvua, kwa hiyo msikimbilie kupiga mbiu kwa kushuka kwa miaka michache. Ni onyo la watu waungwana, na mimi nimelishika.

Lakini hawakuondoa ndoo zao. Mwaka 2011, kutoka bwawa lilelile, ilionekana kwamba spishi nne kati ya kumi zilizochunguzwa zilikuwa zimehamisha tarehe za kuja kuzaliana katika miongo mitatu. Za majira ya vuli yao zilichelewa, za majira ya baridi ziliwahi, na tofauti ilikuwa kati ya siku 15 na siku 76. Siku sabini na sita, waheshimiwa. Ni kama vuli yetu nzima kuhama. Daftari lilelile lililowaambia watu "tulieni" ndilo lililokuja kuwaambia "hapa kuna jambo". Bila daftari wasingekuwa na uwezo wa kusema neno lolote kati ya hayo.

Na yapo ya kusikitisha. Costa Rica, milima ya Monteverde, alikuwepo chura wa rangi ya dhahabu. Mwaka 1987 walionekana zaidi ya elfu moja na mia tano wakikusanyika kuzaliana. Mwaka 1988 walionekana kumi. Mwaka 1989 alionekana mmoja, dume, na hajaonekana mwingine tangu hapo. Wataalamu wamebishana miaka mingi kama aliuawa na ukame wa El Nino, au na fangasi wa ngozi anayeangamiza vyura duniani, au na vyote viwili vikishikana mikono. Fangasi huyo amehusishwa na kuporomoka kwa spishi 501, na kati ya hizo 90 zinadhaniwa zimetoweka. Hupenda ubaridi: huota vizuri kati ya nyuzi 17 na 25, na kwenye 30 anashindwa. Kwa joto letu la Dar hilo ni afadhali kidogo. Kwa milima yetu si afadhali hata kidogo.

Tathmini ya dunia nzima iliyotolewa mwaka 2023 ilisema asilimia 41 ya amfibia, yaani vyura na jamaa zao, wako hatarini kutoweka, kundi lililo pabaya kuliko ndege na kuliko mamalia. Na kati ya spishi ambazo hali yake ilizidi kuwa mbaya tangu 2004, mabadiliko ya tabianchi ndiyo sababu kuu kwa asilimia 39 hivi. Nawatajia mara moja tu, maana najua takwimu za dunia husomwa kwenye warsha na kuachwa kwenye bahasha ya warsha.

Tuje nyumbani. Tanzania ina chura mmoja maarufu kuliko wabunge wengi. Chura wa Kihansi alijulikana kwa wataalamu mwaka 1996, wakati mradi wa umeme wa maji wa megawati 180 ulikuwa umeshaanza kujengwa. Ni mdogo, hafiki sentimita tatu, wa rangi ya manjano, na hatagi: huzaa watoto waliokamilika. Maisha yake yote yalikuwa ndani ya rasharasha za maporomoko, eneo la hekta chache katika korongo moja la milima ya Udzungwa, na hakuna kwingine duniani. Mwaka 1999 alitangazwa rasmi kisayansi, Profesa Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akiwa miongoni mwa walioandika. Mwaka 2000 maji yakaelekezwa kwenye mitambo, sehemu kubwa mno ya maporomoko ikakatika, rasharasha zikafa. Vyura 499 wakachukuliwa kwenda Marekani kabla mambo hayajaharibika zaidi. Korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji.

Hesabu ya katikati ya 2003 ilikisia karibu elfu ishirini. Kabla mwaka haujaisha waliporomoka, na Januari 2004 walionekana wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Fangasi yule alikutwa kwao. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Mwaka 2010 vyura 100, uzao wa wale waliosafirishwa, walirudi nyumbani na kuwekwa kwenye maabara pale Mlimani, na mwishoni mwa 2012 wakaanza kurudishwa korongoni.

Watu mtaani wamemcheka sana chura huyo, kwamba kwa kula fedha na kupanda ndege amempita mkulima. Sitaki kubishana na kicheko hicho, kina uchungu wake wa haki. Ninachokitazama mimi ni kitu kingine. Kila sentensi niliyowaandikia juu ya Kihansi inawezekana kwa sababu mtu fulani alikuwa korongoni akihesabu. Na kosa la Kihansi, ukilichimba hadi mzizi, ni kwamba kuhesabu kulianza baada ya ujenzi kuanza. Hatuna kumbukumbu ya korongo lile lilipokuwa halijaguswa, la miaka kumi au ishirini, la kutuambia kupanda na kushuka kwa kawaida kulikuwaje.

Na leo tuko wapi? Tuko Msimbazi. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya bonde hili, kwa sababu tumechoka kuzika watu. Nakumbuka mafuriko ya Desemba 2011, zaidi ya watu arobaini walikufa, na familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Nakumbuka mabasi ya mwendokasi yakiogelea kwenye karakana ya Jangwani. Sina neno baya juu ya mradi. Daraja la Jangwani lijengwe, mto upewe nafasi yake, bustani ya jiji iwekwe. Nauunga mkono kama mtu aliyekwisha kutoa maji sebuleni kwa ndoo.

Ila wahandisi, naomba tuongee kuhusu bustani hiyo. Najua michoro ya bustani inavyopenda ziwa: maji safi mwaka mzima, kingo za mawe, chemchemi katikati, perege wa kurushiwa makombo ya mkate. Ni pazuri kwa picha za harusi. Kwa vyura wengi ni kaburi, kwa sababu perege na kambare hula mayai na viluwiluwi. Vyura wa pwani wamezoea dimbwi linalokauka, maana kukauka ndiko kunakowafukuza samaki. Wanataka dimbwi baya, la kina cha magoti, lenye matete na majani ya kuinamia maji, linalojaa Machi au Novemba, linalodumu miezi miwili au mitatu, kisha linakauka mpaka watoto wanacheza mpira. Hayo ni mashimo mapana machache tu pembezoni mwa ziwa lenu, yasiyounganishwa nalo. Gharama yake ni ya greda kwa siku kadhaa. Na mvua ikizidi, mashimo hayohayo yanapunguza kasi ya maji kabla hayajafika kwa watu, kazi ambayo dimbwi la nyuma ya nyumba yangu lilikuwa linaifanya bure.

Nasikia mtu anasema mbu. Ni hoja halali na siikwepi. Mbu wa malaria hupenda madimbwi ya aina hiyohiyo, na lugha yetu yenyewe imewaita watoto wa mbu na watoto wa chura kwa jina moja la viluwiluwi. Ndiyo maana watu hulowesha dimbwi zima kwa dawa yoyote, hata oili chafu ya gereji, na kuua vyote. Lakini pale Kibaha tuna kiwanda cha viuadudu vya kibayolojia, vinavyotumia bakteria wanaolenga viluwiluwi vya mbu. Tumieni hivyo. Na mjue pia kwamba mwaka 2022 watafiti waliochunguza Costa Rica na Panama walionyesha kuwa wagonjwa wa malaria waliongezeka katika wilaya moja baada ya nyingine, kufuata mkondo wa fangasi alivyokuwa akiwafagia vyura na amfibia wengine. Sisemi chura wa Kinyerezi ni chandarua. Nasema asidharauliwe kabla hajahesabiwa.

Nikiri jambo moja ambalo mwanasheria angenishauri nilifiche. Vyura wengi wa Dar es Salaam si adimu. Wale wadogo wa matete utawakuta hadi Msumbiji. Yule wa vipele chini ya taa yuko karibu kila mahali. Hakuna atakayetoka Geneva kuja kuwalilia. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu ya kuanza sasa: kilicho kingi hakihesabiwi na mtu, mpaka siku kikiwa kichache, na siku hiyo huna cha kulinganisha nacho.

Kuna methali mnaipenda sana majukwaani, kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Sawa, ng'ombe na anywe. Naomba tu mtu mmoja asimame kando ya kisima na kuandika kelele zilikuwa ngapi.

Ninachoomba hasa ni hiki. Teueni vituo vya kusikiliza, kuanzia Pugu kwenye msitu, kuteremka Kinyerezi, Tabata, Kigogo, hadi Jangwani, na vichache upande wa mto Mzinga na Mpiji ili tuwe na mabonde yasiyo na mradi ya kulinganisha nayo. Kila kituo, mara mbili kwa mwezi, na usiku wa kwanza wa mvua za kila msimu, mtu akae dakika kumi baada ya giza kuingia, arekodi kwa simu, aandike saa, joto na hali ya maji. Simu hizi kila mwanafunzi anayo. Shule za sekondari ziko kila kata. Chuo Kikuu kina watu wanaomjua chura kwa mlio wake. Na rekodi zikae sehemu moja na takwimu za mvua za vituo vya hali ya hewa, safu kwa safu, ili miaka ishirini ijayo mtu aweze kuuliza swali la yule kijana wangu wa kidato cha pili na kupata jibu lenye tarehe. Anzeni kabla greda halijamaliza bonde. Vuli moja kabla ya ujenzi ina thamani kuliko vuli tano baada yake.

Agosti 2022 karani wa sensa alikaa kwenye kiti changu hichohicho kilichowahi kulowa, akanihesabu, akahesabu kuku, akauliza hata aina ya choo. Tukatoka watu 5,383,728 katika mkoa huu. Nilimpenda yule binti, hakuruka swali hata moja. Mtu kama yeye, na dakika kumi za usiku, ndicho kipimo cha ukubwa wa ombi langu.

Kalenda zangu zipo kwenye boksi la runinga chini ya kitanda. Yeyote atakayetumwa aje azipige picha, zote, pamoja na alama zangu za kuuliza. Vuli ikianza nitakuwa pale kwenye karavati la chini, jioni, na viti viwili vya plastiki. Avae mabuti, pana matope, na asije na tochi kali. Wakimulikwa wananyamaza.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa baiolojia,
Kinyerezi, Dar es Salaam